Jemaniamu: unga mweupe uliofika Makambako

Wandugu, leo tuzungumzie elementi ambayo wengi wetu tuliipita haraka sekondari: jemaniamu, namba 32 kwenye jedwali la kemia, iko kati ya silikoni na bati. Nimeanza kuifuatilia kwa sababu wauza virutubisho wanaitaja sana siku hizi. Njombe mjini nimeambiwa inasafisha damu. Pale stendi ya Makambako kijana mmoja alinionyesha kopo lililoandikwa "asilimia 99.99", akaapa kwamba linaondoa saratani na kupandisha kinga. Nikamuuliza, nani kapima? Akacheka.

Swali hilo lina historia yake. Mwaka 1871 Mrusi Dmitri Mendeleev alisema kuna elementi ambayo haijaonekana bado, akaiachia nafasi kwenye jedwali lake. Mwaka 1886 Mjerumani Clemens Winkler akaipata ndani ya jiwe lenye fedha kutoka mgodi wa karibu na Freiberg, akaipa jina la nchi yake. Mwaka uliofuata Winkler huyohuyo akaiunganisha na kaboni. Hiyo ndiyo ikawa jemaniamu ogani ya kwanza. Haikuwa dawa ya mtu yeyote, ilikuwa kazi ya maabara tu.

Kwa miaka sitini hivi haikuwa na kazi kubwa. Kisha Desemba 1947, katika maabara za Bell kule Marekani, transista ya kwanza ikatengenezwa kwa jemaniamu. Redio ndogo za betri walizosikiliza babu zetu zilitokana na kazi hiyo. Hapo neno "usafi" likapata uzito. Jemaniamu ya transista ilibidi isafishwe mpaka uchafu ubaki chini ya sehemu moja katika bilioni. Usipofika hapo, kifaa hakifanyi kazi, na kila mtu anajua.

Na ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka hapa hapa Afrika: Tsumeb nchini Namibia, na Kipushi kule Katanga, ambako wenzetu wanaongea Kiswahili. Haichimbwi peke yake, hutoka pamoja na shaba na zinki. Mgodi wa Kipushi ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kuzalisha zinki mwaka 2024. Leo jemaniamu inatakiwa kwa nyuzi za mkongo wa intaneti na kwa lenzi za kuonea gizani. China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilianza kudai leseni kwa mauzo ya nje Agosti 2023, dunia ikahangaika. Mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ikaanza kupeleka Ubelgiji makinikia ya jemaniamu kutoka kwenye lundo la mabaki ya tanuri pale Lubumbashi.

Malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia yanapita Makambako yakielekea Dar. Sisi tuko kando ya barabara ya utajiri huo, lakini jemaniamu tunayoiona ni ya kwenye kopo.

Kopo hilo nalo lina asili yake, Japani. Mtaalamu wa makaa ya mawe aitwaye Kazuhiko Asai alitengeneza mwaka 1967 kiunga kinachoitwa Ge-132, ambamo jemaniamu imeshikana na kaboni na oksijeni. Ni unga mweupe, na sehemu kubwa yake hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Asai aliandika kwamba unatibu magonjwa mengi. Mwaka 1994 Japani iliruhusu aina yake, propajemaniamu, kwa homa sugu ya ini aina ya B, kwa kipimo kidogo na kwa cheti cha daktari. Wauzaji husimulia mpaka hapo, wakanyamaza.

Mimi naendelea. Miaka ya 1980 watu waliokuwa wakimeza unga wa jemaniamu kwa miezi mingi walianza kufika hospitali figo zikiwa zimekufa. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 1997 yalihesabu wagonjwa 31. Walikuwa wametumia kati ya gramu 15 na zaidi ya 300, kwa miezi 2 hadi 36, na baadhi yao walifariki. Wengi walimeza oksidi ya kawaida ya jemaniamu, lakini wapo pia waliomeza zile zinazoitwa ogani. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote ni unga mweupe. Marekani ilianza kuzuia bidhaa hizi mpakani mwaka 1988. Na hakuna aliyethibitisha kwamba mwili wa binadamu unahitaji jemaniamu.

Kwa nini nalia na jambo hili Njombe? Kwa sababu miaka hiyo ya 1980 unga huu ulitangazwa ughaibuni kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Mtu wa Makambako akisikia "inapandisha kinga" anaelewa vizuri sana anaambiwa nini. ARV zinatolewa bure nchini tangu 2004. Na tulishaona mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Loliondo, taarifa za wagonjwa walioacha dozi.

Redio ikiwa na transista mbovu, haiimbi. Figo hunyamaza mpaka zimechoka kabisa. Kwa hiyo ukiuziwa kopo hilo, muulize muuzaji ni kiunga gani hasa kimo ndani, na ni maabara ipi imekipima. Akikuonyesha tena ile lebo, weka hela yako mfukoni. Na kama mama au mjomba nyumbani anatumia tayari, mwambie amweleze daktari, na dozi yake ya hospitali asiiache.

Haya, huko kwenu hali ikoje?