Mabanda ya Farasi ya Wentworth Woodhouse

Katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, karibu na mji wa Rotherham, limesimama jumba liitwalo Wentworth Woodhouse, ambalo uso wake wa mashariki una urefu upatao mita 185. Hatua chache kutoka hapo kuna jengo jingine la mawe, lenye ua wa mraba katikati, lango la nguzo nzito na kuba juu yake. Mgeni asiyeambiwa huweza kulidhani kuwa ni chuo. Kumbe lilijengwa kwa ajili ya farasi 84.

Mwenye kulijenga alikuwa Marquess wa pili wa Rockingham, na msanifu wake John Carr wa York. Kazi ilianza mwaka 1766, mwaka uleule ambao Rockingham, akiwa Waziri Mkuu, alifuta kodi ya stempu iliyowaghadhibisha watu wa makoloni ya Marekani, kisha akaondoka madarakani. Kwa bwana wa zama zile farasi hakuwa chombo cha safari tu, bali alikuwa mchezo na fahari. Farasi wake Whistlejacket alishinda mashindano ya York mwaka 1759, na mchoraji George Stubbs akamchora kwa kimo chake halisi, peke yake, bila mpandaji.

Umbo la ua lilikuwa na hekima yake. Lango moja ni rahisi kulindwa, kuta huzuia upepo wa baridi, na magari hugeuzwa ndani bila taabu. Tena, katika mabanda ya namna hii farasi walikaa chini, nyasi kavu zikawekwa darini, na huko juu ndiko masaisi walikolala. Hapo jengo hutoa ushahidi ambao msanifu hakuukusudia: mnyama alipewa nguzo na kuba, na mtunzaji wake akapewa nafasi iliyosalia.

Rockingham alifariki mwaka 1782 bila mtoto, na mabanda yakakamilika mwaka 1789, katika milki ya mpwa wake. Baadaye gari la moto na motokaa viliwaondolea farasi kazi yao. Katikati ya karne ya ishirini jumba likawa chuo cha wanawake waliosomea ualimu wa elimu ya viungo, na mabanda yakatumika pamoja nalo. Hivyo jengo lililoanzwa kwa fahari ya mtu mmoja lilidumu kwa kuwafaa wengi, ambao yeye hakuwafikiria kamwe.