Unanyonyesha na Uko Kwa Dawa za Depresheni? Usiziache Kabla ya Kusoma Hii

Umejifungua, mtoi ako fiti, lakini wewe kila siku ni machozi. Daktari amekuandikia dawa za depresheni, halafu shosho anakushow uchague: dawa ama kunyonyesha. Shosho anakupenda, lakini mara nyingi si lazima uchague.

Dawa ambayo madaktari huanza nayo sana ni sertraline, juu inayofika kwa maziwa ni kidogo. Wao hupima hivi: mtoi akipata chini ya asilimia 10 ya dozi ya mamake, ukilinganisha uzito wao, kwa kawaida hiyo ni sawa. Sertraline iko chini ya hapo kwa mbali, na paroxetine pia. Fluoxetine hukaa mwilini siku nyingi, so inaweza kujazana kwa mtoi mchanga. Lakini kama ndiyo ilikushikilia ukiwa na mimba, usiibadilishe kivyako. Doxepin ndiyo ya kuepuka.

Noma ni kuacha ghafla. Kichwa kinazunguka, usingizi unapotea, na depresheni inaweza kurudi na nguvu. Na hakuna haja ya kukamua maziwa umwage.

Mcheki mtoi. Analala hadi haamki kunyonya? Analia hatulii? Uzito umekwama? Mrudishe kliniki. Kama alizaliwa kabla ya wakati, ongea na daktari wa watoto mapema.

Ukipata mawazo ya kujiumiza ama kumuumiza mtoi, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Enda kasualti leo, ama upige 1199 ya Red Cross, ni bure.