Ruiru: Kutoka Mibuni hadi Ploti

Sensa ya mwaka 2009 ilikuta watu 238,858 katika mji wa Ruiru, kaskazini mashariki mwa Nairobi. Miaka 10 baadaye walihesabiwa 490,120, na Ruiru ikawa ya nne kwa wingi wa watu kati ya miji ya Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu. Ukuaji huo kwa kawaida huelezwa kwa barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi Novemba 2012. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Barabara hiyo hiyo inafika Thika, mji mkongwe wa viwanda, ambao sensa ya 2019 iliukuta na watu 251,407 tu. Sababu ya ndani zaidi ni historia ya ardhi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi ardhi ya Wakikuyu katika eneo hili, nao wakapanda mkonge na kahawa. Reli ya kwenda Thika ilipita hapo ikichukua mazao. Kwa miongo mingi Ruiru ilikuwa stesheni, maduka machache na kambi za vibarua zilizozungukwa na mibuni. Mwaka 1944 kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa katika shamba la Jacaranda, na hapo ndipo ilipotoka mwaka 1985 aina ya Ruiru 11, inayostahimili chule buni na kutu ya majani.

Baada ya uhuru, baadhi ya mashamba hayo yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya wananchi waliochanga pesa kwa hisa. Maadamu kahawa ililipa, wanahisa wengi walikuwa na sababu ya kuiacha shambani. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawa mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Mavuno ya Kenya, yaliyokaribia tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, baadaye yakashuka chini ya tani 50,000. Kwa mwanahisa aliyezeeka, kipande chenye hatimiliki kilikuwa na maana zaidi kuliko gawio lisilofika. Mpimaji akaitwa, vigingi vikapigwa, na mibuni ikang'olewa.

Umbo la mji lilitokana na vigingi hivyo. Kipimo kilichozoeleka ni futi 50 kwa 100, yaani karibu thumuni ya ekari. Mwenye ploti kama hiyo hujenga kwa mawe ya Ndarugo hadi mpaka wa jirani: ghorofa nne au tano za vyumba vya kupangisha, duka la M-Pesa na kinyozi chini, matangi ya maji juu ya paa. Nafasi ya mti, uwanja wa watoto au njia ya lori la kunyonya maji taka haikuhesabiwa na mtu, kwa kuwa haikuwa fungu la mtu.

Viwanda vipo, vikiwemo vya maziwa vya Brookside na vya chuma vya Devki, na nyama choma ya Kamakis, ilipo njia ya mchepuko wa mashariki, huwavuta watu kutoka Nairobi kila wikendi. Hata hivyo sehemu kubwa ya uchumi wa mji ni kodi ya nyumba, inayolipwa kwa mishahara inayopatikana Nairobi na kurudi jioni ndani ya matatu. Upande wa pili upo Tatu City, ekari 5,000 zilizokuwa za kahawa chini ya mwendelezaji mmoja, yenye barabara na mabomba yaliyotangulia nyumba. Udongo ni ule ule. Tofauti ni idadi ya wenye mali.

Upungufu mwingine wa mji huonekana kwenye maji. Bwawa la Ruiru, lililojengwa mtoni enzi za ukoloni, lilikusudiwa Nairobi. Mji wenye jina la mto huo ulilazimika kungoja mradi wa bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, uliokamilika mwaka 2022. Katika mabadiliko hayo yote, kituo cha kahawa hakijahama: mkulima wa Nyeri au Meru anayetaka mbegu za Ruiru 11 bado huziagiza kutoka Ruiru.