Viraka vya Chandarua

Barabara itokayo Kisumu ikifika Kisian hugawanyika: mkono mmoja huelekea Maseno na Busia, mwingine Bondo. Hapo ndipo zilipo maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979 na ambayo tangu hapo imeshirikiana na wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Habari za chandarua chenye dawa hazisimuliki bila Kisian, na ndani yake imo habari nyingine isiyosimuliwa sana: ya matundu, na namna watu walivyohangaika kuyaziba.

Chandarua kisicho na dawa kikitoboka hakimkingi sana aliyelala. Mbu hana haraka. Hutua kwenye neti, akatambaa na kutafuta upenyo hadi aupate, na usiku ni mrefu. Tiba ilikuwa sindano na uzi, fundo, au kipande cha nguo kuukuu. Miaka ya 1980, huko Muheza mkoani Tanga, Tanzania, watafiti Jo Lines, Chris Curtis na wenzao walijaribu kiraka cha aina nyingine. Walitoboa vyandarua kwa makusudi, wakavichovya katika dawa ya kuua wadudu iitwayo permethrin na kuvitundika kwenye vibanda vya majaribio. Neti zilikuwa na matundu yaleyale, lakini mbu walioweza kunyonya damu walipungua sana, kwa kuwa wengi walifukuzwa au kuuawa na dawa kabla ya kuufikia upenyo.

Lakini pwani ya Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, ndiyo iliyotoa ushahidi mzito zaidi. Kati ya 1996 na 1999, watafiti wa Kisian waligawa vyandarua Asembo, kisha Gem, katika eneo lenye watu wapatao 125,000. Vijiji 221 viligawanywa kwa kura: nusu vipate neti mara moja, nusu visubiri hadi utafiti uishe. Kila baada ya miezi sita hivi neti zilichovywa upya. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2003, vifo vya watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 16. Hata waliolala bila neti, ilimradi wakae ndani ya mita 300 kutoka vijiji vyenye neti, walipata kinga. Nadhani hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: neti ya mama mmoja ilimlinda mtoto wa jirani.

Mwaka 2006 Kenya ikagawa bure neti milioni 3.4 kwa watoto wadogo. Hizi zilikuwa za dawa ya kudumu, hazikuhitaji kuchovywa tena. Lakini dawa haizuii panya, moto wa koroboi, wala ncha za kitanda. Watafiti wakaanza kuhesabu matundu kwa vipimo vya mwili: yaliyozidi kidole gumba, yaliyozidi ngumi, yaliyozidi kichwa. Tundu moja la kichwa lilihesabiwa sawa na vitundu 576 vya chini ya gumba. Viraka, mafundo na mishono navyo viliandikwa.

Mbu nao hawakukaa bure. Tayari mwaka 1994 John Vulule wa Kisian na wenzake walieleza kwamba mbu wa vijiji vyenye neti za permethrin walikuwa wameanza kuistahimili. Mwaka 2013, Eric Ochomo na wenzake walionyesha hatari iliyokuwa imejificha: mahali ambapo usugu ni mkubwa, mbu huingia kwenye neti iliyotoboka na kukaa humo wakiwa hai. Kiraka cha dawa kilikuwa kimebanduka, na sindano ikarudi kuwa na kazi.

Wataalamu wakajibu kwa kiraka kipya. Kama ilivyo kwa programu ya kompyuta, inayosasishwa mlango mmoja uzibwe na wadukuzi watafute mwingine, neti iliongezewa kemikali ya PBO, inayodhoofisha uwezo wa mbu kuivunja dawa. Jaribio lilifanyika ng'ambo ya ziwa, Muleba mkoani Kagera, Tanzania, na ripoti ya 2018 ilionyesha maambukizi machache ya malaria kuliko kwa neti za kawaida. Kufikia mwishoni mwa mwaka wa tatu tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Neti nyingi zilikuwa zimechakaa, na waliobaki wakilala ndani yake walikuwa wachache.