Igizo

Neno “igizo” limetoka kwenye kuiga, ila kuigiza kumezidi kuiga. Mtoto humwiga babu anavyotembea. Mwigizaji humwigiza babu mbele ya watu, wapate kumtazama upya. Tamthilia ni jina la kazi ndefu, ya kitabuni au ya televisheni. Ngonjera, aliyoivumisha Mathias Mnyampala, ni majibizano ya kishairi. Igizo la kanisani ni fupi, halina pazia, nalo huweza kukaa kati ya kwaya na mahubiri.

Wilaya za Tarime na Serengeti, Tanzania, zinalihitaji sana igizo la namna hiyo. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini Desemba ya msimu wa tohara bado huwakimbiza wasichana hadi vituo vya hifadhi kama vya Masanga na Mugumu. Mahubiri humwambia mzazi kwamba jambo hilo ni baya. Igizo humpa binti nafasi ya kumjibu baba, “Sitaki,” kwa sauti, wazee wakisikia. Nyumbani jibu hilo lingeitwa utovu wa adabu. Neno “igizo” limebeba kazi hiyo ya kuwafanya watu watazame upya, ndiyo maana napenda matangazo ya ibada yaseme “igizo”, si “drama”.