Kuhesabu Watu Wanaohama: Sensa na Hali ya Maisha katika Kaunti ya Turkana

Makala hii inajadili uhusiano kati ya sensa na hali ya maisha katika Kaunti ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba sensa, ambayo humtaka mtu apatikane mahali pamoja usiku mmoja, haijaafikiana na maisha ya wafugaji wanaofuata maji na malisho.

Turkana ilihamishwa kutoka Uganda kwenda Kenya mwaka 1926. Serikali ya kikoloni iliitawala kama eneo lililofungwa, ambamo kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Kikao Na. 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye rutuba na mvua ya kutosha. Kwa sera hiyo, nchi kame ilichelewa kupata barabara, shule na zahanati. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria umaskini wa Turkana kuwa asilimia 79.4, ilhali wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 36.1.

Katiba ya 2010 ilibadili uzito wa takwimu. Fomula ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti iliipa idadi ya watu asilimia 45. Kabla ya hapo, mgogoro ulikuwa umekwisha kuzuka. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 450,860. Ile ya 2009 ilihesabu 855,399. Mwezi Agosti 2010 serikali ilitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane, tatu kati yake zikiwa za Turkana, kwa kuwa ongezeko lilizidi kiwango kinachoweza kuelezwa na uzazi na vifo. Sensa ya 2019 ilipata watu 926,976, yaani ongezeko la takribani asilimia 8, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa takribani asilimia 23.

Ni vigumu takwimu hizo tatu kuwa sahihi kwa pamoja. Mjadala wa umma ulielemea tuhuma kwamba hesabu ya 2009 ilitiwa chumvi. Uwezekano kwamba ile ya 1999 iliwaacha wengi haukupewa uzito uleule. Kaya ya Kiturkana, yaani awi, aghalabu hugawanyika wakati wa kiangazi: wazee na watoto hubaki karibu na kisima au mji, vijana huenda na mifugo mbali, wengine wakivuka mpaka hadi Karamoja. Sensa za 2009 na 2019 zote zilifanywa mwezi Agosti. Wiki chache baada ya ile ya 2019, Kenya na Uganda zilitia saini mjini Moroto hati ya makubaliano kuhusu amani na maendeleo ya jamii za mpakani.

Makubaliano hayo yanatoa msingi wa hatua inayopendekezwa hapa: nchi hizo mbili zipatanishe tarehe za kuhesabu wafugaji wa mpakani, na makarani wafuate njia za malisho na visima. Bila hivyo, mfugaji aliye malishoni usiku wa sensa ataendelea kukosekana katika hesabu inayoamua ujenzi wa zahanati ya watoto wake.