Pikapu, Familia na Ruhusa ya Kuchagua

Kwa miezi mitatu sasa nyumbani kwetu kuna mjadala usiokwisha. Pikapu yetu imechakaa kiasi kwamba fundi mwenyewe anaona haya kupokea fedha zetu. Mke wangu anataka gari la kuwapeleka watoto shule na mama yangu kliniki. Mimi nadai kwamba bila bodi ya nyuma hatutaweza kusomba chakula cha kuku, na kuku hao ndio wanaolipa ada. Kwa kuwa kazi yangu ni historia, nimejikuta nikijiuliza: ni lini familia ya mtumishi wa kawaida Tanzania ilipata nafasi ya kubishana hivi?

Si zamani sana. Miaka ya sitini wenye magari walikuwa wachache, na wengi wao walilitamani Peugeot 404. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Lilipatikana kama gari dogo, kama stesheni wagoni ya safu tatu za viti, na kama pikapu. Aliyekuwa na uwezo, basi, alichagua kulingana na haja yake.

Nafasi hiyo ilifungwa muongo uliofuata. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia mwaka 1973, akiba ya fedha za kigeni ikapungua, kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kuagiza gari kukawa jambo la kibali. Hata mwenye shilingi za kutosha alikwama, maana mwenye kiwanda ng'ambo hakuzihitaji. Jumapili, ilipotimu saa nane mchana, magari binafsi yalitakiwa yawe yamekwisha kuegeshwa. Siku hizo neno "kubadilisha gari" lilikuwa na maana ya kubadilisha injini, sanduku la gia na hatimaye bodi, hadi kilichobaki cha asili ni kadi ya usajili.

Hapo ndipo gari la serikali lilipogeuka gari la familia. Landrover ya idara ilikwenda wilayani kukagua mradi, ikarudi na gunia la mkaa, mkungu wa ndizi na shangazi aliyekuwa mgonjwa. Tumezoea kulieleza jambo hili kama ufisadi tu. Lilikuwa matumizi mabaya ya mali ya umma, sibishi. Lakini mtumishi yule hakuwa na njia ya halali ya kupata gari lake, hata kama angejinyima miaka kumi. (Watumishi mnaonisoma, hoja hii inamhusu yeye wa wakati ule, msiichukue kama kibali.)

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, katika bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, bila kubanwa aeleze alikozipata. Pikapu zikaingia kwa wingi. Watu hawakuzipendea starehe, kwani starehe hazina. Walizipenda kwa kuwa gari dogo lilikula fedha na pikapu ilizirudisha. Ilifungwa turubai na mabenchi mawili yanayotazamana, ikaitwa chai maharage, ikabeba abiria alfajiri na saruji mchana. Jumapili ilibeba familia kwenda harusini, juu ya mabenchi yale yale.

Nililikalia benchi hilo. Ninakumbuka mkono wa mama ukiwa umenishika kiunoni kila tulipokaribia shimo, naye mkono wa pili ameshika bomba la turubai. Baba alikuwa mbele pamoja na mteja. Mahitaji ya kazi yaliketi kwenye kiti, na ya familia yakashikilia bomba.

Magari yaliyotumika Japani, yaliyojaa kwetu tangu miaka ya tisini, yamepanua uchaguzi. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, na gharama za ukaguzi huwafanya wayaachie mapema. Kenya hukataa gari lililozidi miaka minane. Sisi tunalipokea, ila umri wake unaongeza kodi, na ukubwa wa injini vilevile. Hivyo wengi wetu bado tunahesabu kodi kabla ya kuhesabu viti.

Juzi mke wangu aliniwekea daftari mezani. Alikuwa amepiga hesabu ya kukodi guta mara mbili kwa mwezi kuleta chakula cha kuku, akailinganisha na mafuta na matengenezo ya pikapu. Nilitafuta kosa usiku mzima, sikuliona. Tutanunua stesheni wagoni ndogo; mayai yatasafiri nyuma, viti vikiwa vimelazwa. Pikapu inachukuliwa na jirani yetu seremala. Kitinda mimba wetu ameomba apande nyuma mara moja ya mwisho kabla haijaondoka. Nimemkatalia.